Bangili ilisema nimekimbia mpaka Sake, na mimi nimekaa kwenye mukeka

Wakuu, koko yenu, bibi yenu wa Goma, anawasalimia. Haya niliyaona mwenyewe, na wenye habari wako hai, ukitaka uwaulize.

Mujukuu wangu Solange alisoma elektroniki. Akaanza kutengenezea watoto wa mbio bangili ya kuhesabu hatua, ya bei ya chini. Ile ya dukani, sisi wa Mugunga tunaiangalia tu kwenye kioo. Ndani kuna betri na kidude kinachosikia mukono ukicheza. Mikanda nilishona mimi, ya kitenge.

Wakati huo uwanja ulikuwa umejaa hema za watu waliokimbia vita. Kila mutoto alikimbia kwao peke yake, na kila mwisho wa wiki kocha wao, Papa Bahati, anasoma bangili. Wanne wenye hatua nyingi wangeenda mashindano Bukavu.

Neema, binti ya jirani yangu mama Sifa, akatoka wa mwisho.

"Huyu analala tu," Papa Bahati akasema. "Mashine haina ndugu."

Neema akavua bangili, akanirudishia. Na mimi kila asubuhi namuona anavyokimbia.

Sasa, sisi ni watu wa Masisi, kwenye milima ya ng'ombe. Vita ilitushusha huku, lakini maziwa hatukuacha. Kesho yake nikavaa ile bangili kujaribu mukanda, nikakaa natikisa kibuyu nitoe siagi. Solange akasoma hatua zake kwenye simu.

"Koko, umefika Sake?"

"Na miguu gani? Hata chooni sijaenda."

Tulicheka sana. Kisha nikaangalia: miguu imetulia, ni mukono tu unaotikisika.

Nikakumbuka volkano ilipolipuka, tulivyokimbia barabara ya Sake. Neema alikuwa mudogo, amekumbatia sufuria ya mama yake kwa mikono yote mbili. Tangu siku ile anakimbia vile: miguu inaruka, mikono imeganda kifuani.

"Solange, mama, ifunge kwenye muguu."

Nikashona mikanda upya, mirefu. Wiki iliyofuata Neema akawa wa kwanza. Papa Bahati akaja kwangu kuomba musamaha. Nikamwambia, "Nyumba ya mama Sifa ni ile pale."

Bukavu Neema alitoka wa pili, mikono kifuani.

Nilichojifunza: mashine ni nzuri, lakini uliza kwanza mutu aliyemuona mutoto akikua.

Nyinyi mnasemaje? Na anayejua kuzuia mvua isiingie kwenye betri aandike hapa, Solange ananisomea zote.