Matenga ya Samadi Yaliyowaokoa Ng'ombe Wetu

Vumbi la ngano lina harufu yake, na mtu ambaye hakukulia kando ya mashamba ya serikali kule Hanang hawezi kuijua. Ni harufu ya majani makavu yaliyokaangwa na jua, imechanganyika na dizeli ya kombaini, na ikikuingia puani unapiga chafya mpaka machozi yanakutoka. Msimu wa mavuno kijiji chetu cha karibu na Basotu kililala na kuamka ndani ya harufu hiyo. Umande ukishakauka tu, kombaini zilianza kunguruma, zikaenda na kurudi kwenye uwanda ambao mwisho wake hatukuuona, nasi watoto tukasimama kando ya barabara kubishana ipi ina nguvu kuliko nyingine. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kike mwenye maneno mengi, na nilipenda hesabu kuliko chakula. Nilihesabu nguzo za uzio, matairi ya trela, hata vifungo vya shati la mwalimu. Leo mimi ni profesa wa ekonometria, yaani lile tawi la uchumi linalopima mambo ya watu kwa takwimu, na wanaoniuliza nilianzia wapi hutarajia nitaje chuo kikubwa cha Ulaya. Huwa nawasikitisha, maana nilianzia kwenye zizi la bibi yangu, mwaka ule wa ukame.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Ngano ya serikali ilipona kwa kuwa ilipandwa kwa wakati, lakini malisho yetu yaliungua yakabaki vumbi jekundu. Ng'ombe walikonda hadi mtoto angeweza kuwaonea huruma. Asubuhi wanaume walizunguka kutoka zizi hadi zizi wakiwainua walioshindwa kusimama, mmoja ameshika pembe, mwingine mkia, wengine wanasukuma tumbo. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye zizi letu, na mwaka ule aliacha kabisa kunywa chai ya maziwa akisema ndama ndio wenye haki nayo. Tumaini letu lilikuwa moja: mabua ya ngano yaliyobaki baada ya kombaini kupita. Hayo mabua yangewavusha ng'ombe mpaka mvua inyeshe. Mzee Bura, mwenyekiti wa kijiji, aliongoza wazee kwenda kumwomba meneja wa shamba. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake, na akawaambia atafungua kitalu kimoja baada ya kingine kwa kipimo, ili mabua yasiishe kabla ya mvua na udongo usibaki uchi upeperushwe na upepo. Sharti lake lilikuwa apewe kwanza idadi ya ng'ombe wa kijiji. Bila idadi hafungui, na baada ya wiki chache matrekta yangeingia kuyalima mabua yote yafukiwe chini.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu kwetu ng'ombe hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole na kumtaja kwa namba umemwonyesha kwa balaa, na balaa halina haraka, litafika tu. Wazee walijua kundi limetimia kwa kulitazama: yule mwekundu wa pembe iliyoinama amerudi, yule wa madoa amerudi, yule mvivu bado yuko bondeni. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa huku, alimtuma karani wake na kalamu. Wee! Alipoanza kunyoosha kidole kwenye zizi la kwanza, akina mama walisimama mbele ya ng'ombe wao wakatandaza vitenge, na Bibi akamwuliza kama kwao wanahesabu na watoto wa watu pia. Kwa bahati mbaya kesho yake ndama mmoja wa zizi lile akafa. Njaa ndiyo iliyomwua, mbavu zake kila mtu aliziona, lakini nani angethubutu kusema hivyo mbele ya wazee? Mzee Bura akapiga marufuku kuhesabu. Meneja naye akasema basi, kila mtu abaki na msimamo wake. Na sisi tukabaki katikati, ng'ombe wetu wanakufa wakiwa wanatazama chakula ng'ambo ya uzio. Nilikuwa na hasira kwa wote wawili, na mtoto hana pa kuipeleka hasira yake.

Wazo lilinijia nikiwa nimeinama. Kazi ya wasichana kila asubuhi ilikuwa kuzoa samadi zizini, kuijaza kwenye tenga na kuipeleka kwenye shamba la mahindi. Siku hiyo Mama alinung'unika kwamba zamani tulikuwa tunajaza tenga baada ya tenga, siku hizi hata kuzoa hakuna maana. Nikasimama na tenga kichwani kama nimegandishwa. Shuleni Mwalimu Safari, kijana wa Mbulu aliyetufundisha hesabu, alikuwa ametumaliza na uwiano wiki nzima: ukijua hiki na hiki, kile cha tatu utakipata bila kukiona. Nilimkimbilia kabla ya kengele, hata kunawa sikunawa vizuri. Nikamwambia tusihesabu ng'ombe, tuhesabu matenga ya samadi ya kila zizi. Shule ilikuwa na ng'ombe wachache, mali ya serikali, wasio na mwenyewe wa kuwaogopea balaa. Tukijua wale wanajaza matenga mangapi, tutajua na wa kijiji. Mwalimu alicheka, kisha akacheka tena kwa namna nyingine. "Twende kwa Bibi yako," akasema. Alijua sana ni nani hasa wa kuombwa ruhusa kule kwetu. Bibi alitusikiliza huku akichambua mboga, kisha akatoa hukumu: "Mavi si ng'ombe. Hesabuni mpaka mchoke." Mzee Bura alipoletewa habari aliridhia, maana katika mambo ya zizi Bibi alikuwa kama mahakama ya rufaa.

Basi wasichana wa darasa la sita tukageuka watafiti. Tulitumia tenga moja tu, la Mama, ili kipimo kisibadilike, na kwa kila tenga lililojaa nilitia punje moja ya haragwe kwenye kibuyu. Wavulana walituimbia nyimbo za dhihaka njia nzima, wakaniita Bi Samadi, na jina hilo nililivaa kifua mbele. Akina mama walitupokea kwa vicheko, wengine wakatusaidia kuzoa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibuyu kikajaa. Mwalimu akapiga hesabu zake kwa kutumia ng'ombe wa shule, akapata jibu, na alipoliona Baba akatikisa kichwa. Alisema hakuna haja ya kuhesabu kujua kwamba kijiji hakiwezi kuwa na ng'ombe wachache hivyo. Meneja angepewa jibu lile, angetufungulia kitalu kimoja kidogo, kingeisha mapema, na ng'ombe wangekufa na ruhusa mkononi. Nililia siku hiyo, haki ya Mungu. Nililia mpaka nikapelekwa kuzoa zizi la shule, zamu ilikuwa yangu, na nilipolinyanyua tenga likanishinda. Lilikuwa zito, limejaa, limelowana. Kumbe! Ng'ombe wa shule walikuwa wanapewa pumba za ngano kutoka shambani. Wa kwetu walikuwa wanalamba udongo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi tulikuwa tumempima mwenye njaa kwa mavi ya mwenye shibe.

Tulihitaji zizi lenye njaa ambalo idadi yake inajulikana, na zizi la namna hiyo kijijini halikuwepo, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Asubuhi iliyofuata ng'ombe wa Bibi aliyeitwa Endasak, kwa kuwa ndiko alikotoka, alikataa kuinuka. Wanaume walimwinua akaanguka, wakamwinua akaanguka. Bibi alimtazama, akaniita, akaniambia nilete maharage yangu. Kisha akanipa mgongo, akatazama kule kwenye ziwa la Basotu. "Mimi sihesabu," akasema. "Mimi nawaita wanangu tu. Wewe ukicheza na maharage, hayo ni yako na Mungu wako." Akaanza kuwaita. Endasak, aliyekuja na mahari ya shangazi. Mogitu na dada yake. Yule mweusi wa Dongobesh anayepiga teke. Mama wa madoa, na binti yake, na binti wa binti yake. Kwa kila jina punje moja ilianguka kibuyuni. Nilijua anavunja kitu kwa ajili yangu, au anakipinda hadi karibu kivunjike. Alipomaliza akaenda kukaa karibu na Endasak bila kuniuliza ni wangapi, na hadi anakufa hakuniuliza. Wala hapa sitaandika idadi yao.

Zizi moja tu! Mwanafunzi wangu akiniletea leo utafiti uliosimama juu ya zizi moja namrudishia palepale. Lakini siku ile lilitosha. Mwalimu alipiga hesabu upya, Baba akatazama jibu akasema, "Sasa hapo mnaongea." Tukafuatana na Mzee Bura kwenda kwa meneja. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mbu, akaitikia marahaba, akauliza idadi hii tumeipataje wakati kijiji kizima kimekataa. Mwalimu akanisukuma mbele. Nilieleza yote, matenga, pumba, maharage, na nilipofika kwenye mavi ya mwenye shibe meneja alivua kofia akacheka hadi karani wake akachungulia dirishani. Hakuandika barua kwa wakubwa wake kuomba ushauri. Fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema Mzee Bura baadaye, na siku ile meneja alitumia ya karibu. Aligawa vitalu mbele yetu, akatoka mwenyewe kwenda kufungua uzio. Ng'ombe waliingia polepole kwanza kama wageni, halafu wakainamisha vichwa wote pamoja, na ule mlio wa kutafuna ulisikika uwandani kama mvua inayokuja. Akina mama walipiga vigelegele. Endasak aliingia akiwa amesukumwa na wanaume wanne, akala akiwa amelala. Mabua yalitufikisha kwenye mvua, na kitalu cha mwisho kilikuwa hakijaisha.

Mengine ni ya kawaida ya msomi: sekondari, chuo kikuu, shahada za ng'ambo kwenye baridi isiyo na adabu. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu biashara ambazo wenyewe hawataki kuzisema, na jinsi ya kuzijua kwa kupima kinachoachwa nyuma. Maprofesa watatu walinihoji kwa ukali, na mmoja akaniuliza ninajuaje kwamba kipimo changu hakijapotoshwa na watu walioshiba. Nilikaribia kumkumbatia. Nilijibu bila kugusa karatasi, wakatoka nje, wakarudi, wakasimama kunipongeza. Siku hizi wanafunzi wangu wana kompyuta zinazomaliza kabla sijakohoa kazi iliyonichukua miezi, na nawafurahia, sina wivu. Yale mashamba ya serikali yamebadilika, mengine yamepata wenyewe wengine, na vijana wa kwetu wanapita huko kwa pikipiki wakizungumza kwenye simu. Tunapima haraka zaidi kuliko zamani. Sina hakika kama tunapima tukijua ni nani atakufa tukikosea.

Nilipopata udaktari nilikwenda nyumbani moja kwa moja, Bibi akiwa bado hai, macho yamefifia lakini ulimi mzima. Aliniuliza nimesoma nini miaka yote hiyo. Nilimwambia kwa fahari nimesoma jinsi ya kujua wingi wa vitu bila kuvihesabu. Akapiga paja lake kwa kiganja, akacheka cheko ambalo majirani walitoka nje kuliuliza.

"Maskini mjukuu wangu," akasema. "Kumbe wamekuchelewesha bure!"