Damu Niliyoikana Thika

Sifa ni kwa Mungu, ambaye amenivumilia hadi uzee huu nikiwa na jambo hili moyoni.

Mwanangu, siku ile ningali naikumbuka. Ilikuwa miaka ya hamsini, tukichuma kahawa katika shamba moja karibu na Ruiru. Mdogo wangu Wanjiru alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila alipolala na mumewe alitokwa na damu. Aliniambia mimi peke yangu. Nyapara akatupa ruhusa ya siku moja, tukaenda kliniki Thika.

Nesi, mama wa makamo, akamuuliza, "Umewahi kuona damu?"

Wanjiru akanitazama. Nikajibu mimi: "Hakuna damu. Huyu ameokoka."

Nesi akacheka. "Kwani wokovu unazuia damu? Wacha aseme mwenyewe. Apande kitanda nimwangalie."

"Hapandi! Unataka kumharibia mtoto?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nikimwogopea mtoto. Kanisani kwetu, mjamzito aliyetokwa na damu alishukiwa kuwa amekunywa dawa ya kutoa mimba. Aliitwa mbele ya wazee, akatengwa na Meza ya Bwana. Nami nilikuwa nimechaguliwa juzijuzi tu kuongoza kina mama.

Tukaondoka bila yeye kupimwa. Njiani Wanjiru alisema mara moja tu, "Dada, ungeniacha nijibu."

Mtoto alizaliwa salama. Damu haikukoma, ikaanza kunuka. Tulipomrudisha Thika, nesi yuleyule alimwangalia, akatoka akijifuta mikono. Hakunilaumu. Alisema ni kansa ya mlango wa kizazi, imeshaenea. Labda siku ile ya kwanza kansa ilikuwa bado ndogo. Hiyo "labda" nimelala nayo na kuamka nayo.

Tulimzika Wanjiru wakati mtoto wake akianza kutambaa. Niliongoza nyimbo mimi, na kina mama wakanisifu kwa uvumilivu wangu. Mtoto yule alikua akiniita mama. Niliitika, ikiniuma.

Siku hizi mlango wa kizazi hupimwa hata kabla ya dalili yoyote, na mimba si sababu ya kukaa kimya. Muulize mkunga kipimo kinachokufaa. Ukiona damu, sema kwa kinywa chako. Nawe unayemsindikiza mwenzako, keti, umwache ajibu. Mungu hahitaji uongo wetu ili jina lake liheshimiwe.

Akubariki wewe unayesoma. Mtoto wako akikuita mama, uwepo umwitikie.