Kitambaa Chekundu cha Tawes

Katika milima ya Kabilia, mwanamke akimfunga mtu kitambaa chake cha kichwa mkononi, mtu huyo ana amani. Hata mwenye kisasi naye humpisha njiani. Tawes, mfumaji wa majoho ya sufu, alitoa kitambaa chake mara mbili tu maishani.

Mara ya kwanza alimfunga Meziane, mdogo wake, aliyeacha masomo Aljiri akaja msituni kupigania uhuru. Kamanda wa msitu ule, Si Lunis, yaani Bwana Lunis, ambaye watu wote walimwita Jenerali, alikuwa amepata barua yenye majina ya wasaliti. Barua ilikuwa ya uongo, Wafaransa waliitunga ili wapiganaji wamalizane wenyewe, naye akaiamini. Meziane akaitwa kuhojiwa. Alikwenda akicheka.

"Nitakurudishia kabla hakijachafuka, dada."

Jenerali alisema vita haijui kitambaa. Kikarudi kimefuliwa, kimekunjwa. Meziane hakurudi, wala kaburi lake halikutajwa.

Tangu hapo, kila Tawes alipoketi kufuma, alisikia nyuma ya mtambo kikohozi kidogo, kama cha mtu anayengoja kuulizwa jambo.

Uhuru ukaja. Jina la Jenerali wengine waliliimba, wengine walilitemea mate. Mwaka uliofuata akagombana na wakubwa wapya wa Aljiri, nao wakatuma askari wamsake, vijana wa bonde la kwao Tawes.

Mchana mmoja wa msimu wa zeituni Jenerali alisimama mlangoni kwa Tawes, ndevu nyeupe, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba.

"Dada, nipo mlangoni pako."

Jauhar, jirani aliyekuwa uani akichambua zeituni, aliruka. "Ana uso wa kuja hapa! Tawes, lete maji ya moto nimwogeshe Jenerali!"

"Nyamaza, Jauhar."

"Ninyamaze? Huyu aliyemaliza vijana sitini wa kwetu?"

"Sitini na mmoja," alisema Si Lunis. "Nawajua."

Tawes alitaka kuuliza jambo moja tu: Meziane amelala wapi? Lakini amani haiuzwi; ukiitajia bei, si amani tena. Na akimnyima, basi neno la wanawake wa milima ile lingekuwa limekufa kweli. Nyuma ya mtambo mtu alikohoa. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa kile kile.

Si Lunis alirudi nyuma hatua moja. "Hapana. Kingine."

"Sina kingine. Lete mkono."

Akafunga mafundo mawili. Hakuuliza kitu.

Siku ya tatu habari zikashuka: Jenerali amekutwa chini ya mwaloni ulio juu ya chemchemi, amepigwa risasi, mkono mtupu.

Jauhar alimkodolea Tawes macho. "Kwani hukukaza?"

Tawes alipanda mlima peke yake. Kwenye tawi la chini kabisa la mwaloni aliona kitambaa chekundu, kimefungwa upya kwa mafundo mawili. Chini yake mawe ya kaburi yalikuwa yamepangwa upya, yameelekea kibla, urefu wa Meziane.

Akalia pale mpaka jua likamwacha.

Kikohozi hakikusikika tena. Lakini mpaka uzeeni, akiinua kichwa kwenye kazi, alisikia mlangoni kiatu kimoja kikiburuzwa, cha mtu asiyethubutu kuingia. Naye, bila kugeuka, alisema, "Kaa basi."