Sala ya Kufunga Kikao

Hadi leo nikisikia mtu mzima akicheka ili kumfurahisha bosi, nainuka na kuondoka. Kicheko hicho nilikizoea Mbinga, miaka ile kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua kahawa, nami nikapata ukarani katika mojawapo. Bosi wetu alikuwa na utani mmoja tu: "Aliyechoka kazi aseme, getini wamejaa." Tulicheka kila aliposema. Watu wazima, wenye wake na watoto, tunacheka.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao. Kilifunguliwa na kufungwa kwa sala, maana huku hata kikao cha kugawana mbegu hakiendi bila sala. Katikati bosi aliongea peke yake, kisha akauliza, "Kuna mwenye swali?" huku ameshasimama.

Jumatatu moja dereva wa lori alikuwa na swali. Alisema breki zinashika zinapotaka zenyewe, na kesho yake alitakiwa kushusha mahindi ya mteja mmoja Mbamba Bay, wapakiaji wakiwa wamekaa juu ya mzigo. Mteremko ule mkali wa kwenda Ziwa Nyasa hatukuhitaji kuelezwa. Bosi alimtazama kama kitu alichokikanyaga njiani.

"Wewe ni dereva au fundi? Kama unaogopa, acha funguo mezani."

Dereva alizishika funguo, akazitazama, akazirudisha mfukoni. Sisi wengine tulikuwa tunakagua kucha zetu. Bosi akamgeukia mama wa stoo, Mwanglikana wa kule Chiwanda, kando ya ziwa, mpole kupita kiasi.

"Mama, tufungie kikao."

Tukafumba macho.

"Baba Mwenyezi, tunakushukuru kwa ajili ya bosi wetu. Tunamweka mikononi mwako dereva wetu, anayeshuka kesho na lori lisilo na breki. Wakumbuke vijana watakaokaa juu ya magunia. Wafariji wake zao mapema. Na tutakapoulizwa nani aliliruhusu lori liondoke, Baba, utupe ujasiri wa kumtaja kwa jina."

Hakuna anayemkatiza mtu katikati ya sala. Nilifungua jicho moja. Bosi alikuwa amefumba yake kwa nguvu, jasho limemtoka juu ya mdomo. Tuliitika "Amina" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini pale. Naye aliitika, angefanyaje?

Lori halikuondoka. Fundi aliletwa kutoka Songea, na bosi akatutangazia kwamba yeye siku zote anajali usalama wa wafanyakazi. Tukampigia makofi. Nilijionea kinyaa mpaka kwenye viganja.

Jumatatu iliyofuata tulisimama kama kawaida. Mama wa stoo alikuwa ameshafumba macho.

"Kuanzia leo," bosi akasema, "kila mtu asali kimoyomoyo."

Tukainamisha vichwa, chumba kizima kimya. Alipoona yatosha akakohoa, nasi tukaitika kwa pamoja, "Amina."