Mama Shiro na nyumba yake ya ghorofa ya ishirini, Ruiru

Wakuu, sasa? Hii ilitokea kwetu nikiwa papo hapo, na sijaongeza chumvi hata kidogo.

Mamangu ana chama cha akina mama cha kuweka akiba huko Kamenu, Thika. Amelipa rent maisha yake yote, kwa hivyo chama kilipoamua kununua nyumba off-plan, yaani kabla zijengwe, karibu na Kamakis, Ruiru, alifurahi kama bibi harusi. Mchoro ulionyesha ghorofa ishirini na lifti ya vioo.

Bei ya kila nyumba ilikuwa moja, basi wakagawana kichama: karatasi kwenye sufuria, kila mtu aokote yake.

Rafiki yake, Mama Shiro, akaokota ghorofa ya ishirini. Mamangu ya tatu.

Wakuu, tulisumbuliwa! Kila mkutano Mama Shiro ni kusimulia vile atakunywa chai akiangalia mlima Kilimambogo. Mamangu akanuna wiki nzima. Nikaenda kumwomba Mama Shiro wabadilishane. Akanicheka mpaka akashika mbavu.

Halafu developer, mwenye kujenga, na mwenzake wakakosana, benki ikafunga mfereji wa mkopo, wakaburutana kortini. Jengo likasimama ghorofa ya nane. Kampuni ikafilisika, korti ikaweka msimamizi.

Tulingoja muda mrefu.

Mwishowe msimamizi akaita wanunuzi. Nyumba zilizojengwa zitamaliziwa, wenyewe wapewe. Walionunua juu ya hapo, yaani walionunua hewa, wapange foleni nyuma ya benki kudai pesa zao.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini Mama Shiro alikuwa kiti cha nyuma, leso usoni. Aliuza shamba la marehemu mumewe aingie kwa hii kitu.

Mamangu alipopewa kalamu, akasema hasaini mpaka jina la Mama Shiro liandikwe kando ya lake.

Nilimvuta nje. Nilikuwa na hasira, sifichi.

"Mum, umengoja hii nyumba miaka yote! Utaigawa aje?"

"Si ni wewe ulienda kumwomba tubadilishane? Angekubali, saa hii ni nani angekuwa analia huko nyuma?"

Tukarudi ndani, nikamshikia mkoba akisaini.

Sasa wanaishi huko wawili, kila mtu na chumba chake. Wanagombana juu ya chumvi na sauti ya redio, na mamangu amenenepa. Kusema ukweli, sijawahi kumwona ametulia hivi.

Funzo? Kabla ya kununua hewa, uliza mkopo wa jengo unatoka wapi na wenyewe wanaelewana aje. Na hata ukiuliza yote, utahitaji mtu wa kukufungulia mlango.

Wewe ungesaini? Niambieni hapo chini, hata wa kunitusi karibuni.

Lifti haijawahi kuja. Lakini kila jioni Mama Shiro hupanda ngazi na kikombe chake cha chai mpaka pale jengo liliishia, aangalie Kilimambogo. Akishuka humwambia mamangu, "Leo nimefika karibu na kwangu. Lakini kwako kuna joto."