Kitunguu, Beki wa Kulia

Kocha wa timu ya kiwanda cha magodoro hawezi kukaa mezani bila kupanga kikosi. Kifuniko cha sufuria ni kipa, vijiko ni washambuliaji, na kitunguu, ambacho hubiringika mbele kisipozuiwa, ni beki wa kulia. "Baba watoto, nipe kitunguu changu, mafuta yanaungua," mkewe humwambia. "Ngoja kwanza, mama, huyo akitoka tunafungwa!" Hukirudisha nyuma kwa kidole kimoja, pole pole, ulimi nje, kama anayemtoa mtoto mwiba. Beki mwenyewe sasa hana jina jingine uwanjani. Ni Kitunguu, na amri yake ni moja tu: asivuke mstari wa kati.

Jana, kwenye fainali, ngoma ikiwa sare na mpira unakaribia kwisha, timu yake ikapata kona. Kitunguu akavuka, akaenda mpaka langoni mwa wapinzani. "Kitunguu, rudi! Rudi nyuma!" kocha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Maskini, beki mtiifu akageuka arudi, mpira ukamgonga mgongoni, ukaingia wavuni. Kocha alitimua mbio na kiatu kimoja, akambusu refa kwenye kipara, akamkumbatia kocha wa wapinzani. Jukwaani mkewe alicheka mpaka akatokwa machozi, na safari hii hakuwa amekata kitunguu.

Jioni, mezani, akamchokoza: "Na lile bao, ulilipanga wapi kwenye vyombo vyangu?" Kocha akakohoa. Akakichukua kitunguu, akakigeuza huku na huku mbele ya lango.

"Mama watoto," akauliza kwa uzito wote wa ukocha, "hivi, mgongo wake ni upande upi?"