Kadi Niliyoisukuma Kupita Mia

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu wa Boito au Litein akishapata ramani yake, ananiletea, nami namtolea picha kwenye kompyuta: nyumba ikiwa imesimama, mabati yamepakwa rangi, jua limepiga madirisha, shamba la majani chai likionekana kwa nyuma. Picha kama hizo hutegemea kadi ya grafiki, kile kipande ndani ya kompyuta kinachopiga hesabu zote za mwanga na kivuli. Mwaka juzi kadi yangu ilianza kufa. Picha moja ilichukua nusu saa, na mara nyingine mashine ilizima katikati, kazi yote ikapotea.

Nikaanza kutafuta nyingine. Mtandaoni nilisoma mpaka macho yakauma, lakini karibu kila aliyelinganisha kadi alizilinganisha kwa michezo, na mimi sichezi. Niliamua kupima mwenyewe. Nikaweka mchoro mmoja kwenye flashi, nyumba ya ghorofa ya mwalimu mmoja aliyependa madirisha kupita kiasi, nikawa natembea nao. Katika duka moja la Kericho mjini waliniruhusu kujaribu kadi ndogo, mpya, yenye waranti. Mchoro wangu ulikamilika kwa dakika kumi na moja. Halafu nikasikia kuna mtu Kedowa anauza kadi kubwa zaidi, iliyotumika, kwa bei karibu ileile.

Baba alisema atanisindikiza. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha chai, ambako kwa miaka mingi aliangalia mashine za kukausha. Kazi yangu hakuwahi kuielewa vizuri. Akiulizwa kanisani, alisema tu kwamba binti yake yuko kwa kompyuta. Lakini kwenda kukagua mashine ya mtu, hilo alilielewa.

Mwenye kadi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, wa familia iliyohamia Kedowa kutoka upande wa Kisii kabla hajazaliwa. Alikuwa akihariri video za harusi na mazishi katika chumba nyuma ya duka la mkewe. Aliponisalimia, mkono wake ulielekea pembeni kidogo ya pale wangu ulipokuwa.

“Ni presha ya macho,” alisema kabla hatujauliza. “Nawaona kama vivuli. Taa naiona. Maandishi siyaoni tena. Ndiyo maana nauza.”

Tuliketi watatu mbele ya skrini, yeye kushoto kwangu, baba kulia. Niliweka flashi, nikaanzisha mchoro. Dakika saba. Baba alitazama saa yake, akaitazama tena.

“Nimekuambia,” mwenye kadi akasema. “Hii kadi haina shida.”

Ila kadi iliyofanya kazi miaka yote hiyo inaweza kuwa imechoka bila kuonyesha. Kuna njia ya kujua. Kadi hutoka kiwandani imewekewa kasi yake, na kuna programu ya kuipandisha juu ya hapo, kidogo kidogo. Vijana wanasema kuiovaklok. Mimi nasema kuisukuma. Kadi iliyochoka hujitoa yenyewe: picha huota madoadoa, au mashine hukwama. Iliyo nzima huvumilia, nawe unapata kasi ya bure juu ya ile uliyonunua.

Nikamwomba mwenye kadi ruhusa ya kuisukuma.

“Sukuma mpaka mia,” alisema. “Megahezi mia moja juu ya kasi ya kiwandani. Mimi mwenyewe sijawahi kuipitisha hapo, na wewe usipite.”

“Sitapita.”

Nikaanza. Kila nilipopandisha aliuliza, “Ngapi?” nami nikamjibu. Ishirini na tano. Hamsini. Sabini na tano. Alikuwa ameshika magoti yake kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Kwa mia moja mchoro ulikamilika kwa dakika sita na nusu. Joto lilikuwa zuri na hakukuwa na doa hata moja.

“Basi,” akasema, akashusha pumzi. “Umeona.”

Nilikuwa nimeona. Ningechomoa flashi na kutoa pesa. Lakini niliwaza kwamba kama mia imepita kwa urahisi hivi, huenda ndani yake mna dakika nzima nyingine ya kuokoa. Na baba alikuwa ameinama mbele, akitazama skrini yangu kwa namna ambayo hakuwahi kuitazama kazi yangu hata siku moja. Nikasogeza mpaka mia na arobaini, nikaanzisha mchoro upya.

“Bado uko mia?”

“Bado.”

Neno lilinitoka kwa urahisi hata mimi nikashangaa. Baba aligeuza kichwa akanitazama. Tarakimu alizisoma bila shida, na zilikuwa pale, kubwa, nyeupe.

Mvua ilianza, ile ya alasiri, ikapiga mabati mpaka tukalazimika kupaza sauti. Mia na sabini. Mwenye kadi aliuliza kitu, nikajifanya sijasikia kwa sababu ya mvua. Chini ya kelele hiyo feni ya kadi ilipanda, ikawa na mlio mwembamba.

“Hiyo feni imebadilika,” baba alisema kwa Kikipsigis, lugha yetu. “Punguza.”

“Bado kidogo, baba.”

Nikaweka mia mbili. Ukuta wa nyumba ya mwalimu ukajaa nukta nyeupe, kama umepigwa na mvua ya mawe. Mkono wangu ulikuwa njiani kurudisha chini wakati taa ya chumba ilififia, ikarudi. Sekunde mbili au tatu baadaye, skrini ikawa nyeusi.

“Ni stima?” aliuliza mwenye kadi. “Nimeona taa ikicheza.”

Jibu alikuwa amenipa yeye mwenyewe. Kwa mvua ile, stima ikikatikakatika, nani angebisha? Nilibonyeza kitufe cha kuwasha. Feni ilipiga kelele kwa nguvu zake zote, skrini ikabaki nyeusi. Nikajaribu tena. Nyeusi.

“Mwambie,” baba alisema, bado kwa Kikipsigis. Sijui kama mwenye kadi alielewa neno lile, lakini uso wake ulinigeukia.

“Si stima,” nikasema. “Nilikuwa nimefika mia mbili.”

“Ulisema mia.”

“Nilisema mia.”

Mkewe alichungulia mlangoni, akauliza kuna nini. “Kadi imezima,” mumewe alimjibu. Mkewe akarudi dukani.

“Ikikataa kuwaka nitakulipa bei yote,” nilisema.

“Sijakuuliza bei. Chomoa waya.”

Alinisogeza kwa bega, akapiga magoti, akafungua kasha la kompyuta kwa vidole. Alizijua skrubu zote mahali zilipo. Aliitoa kadi, ikiwa bado ya moto, akailaza juu ya taulo iliyokunjwa. Tukangoja. Nadhani ni dakika ishirini. Nilimtazama akipitisha kidole kwenye ukingo wa kadi, huku na huku, kama anatafuta ufa. Nilijua nikitoka pale nikiwa nimelipia kadi iliyokufa, sitakuwa na uwezo wa kununua nyingine, na wateja wangu hawangengoja.

Aliirudisha mwenyewe, akaniambia niwashe. Feni ilinguruma, ikatulia. Skrini ikaleta mwanga, kisha picha.

“Imerudi,” nikasema.

Hakunigeukia hata kidogo.

“Mzee,” alimwambia baba, “wewe niambie. Imerudi?”

Baba alivaa miwani, akasogea. Alisoma kila kilichokuwa pale: saa, tarehe, majina ya mafaili ya harusi moja baada ya lingine, taratibu, kwa sauti ile anayosomea Biblia. Alipomaliza ndipo mwenye kadi akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha hapo.

Nilimwambia nataka kuinunua, kwa bei aliyotaja, bila kuomba apunguze.

“Hapana, dada. Si hasira. Nikikuuzia, wiki ijayo unipigie useme imekufa, nitajuaje kama hukuisukuma tena?”

Nilichukua flashi yangu, nikaomba msamaha, akaitikia kwa kichwa. Baba alimshika mkono kwa muda mrefu.

Tulitembea hadi barabarani chini ya mwavuli mmoja.

“Ungesema ni stima, angeamini,” baba akasema.

“Najua.”

“Na mimi ningekuwa nimekaa pale nikinyamaza, nikijua ukweli.”

Jumatatu nilinunua ile kadi ndogo ya Kericho. Inafanya kazi. Wateja wananingoja dakika chache zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya miezi kadhaa nilimpigia simu yule mwenye kadi wa Kedowa. Nilikuwa nimeahirisha mara nyingi. Aliniambia kadi yake imenunuliwa na mhariri mmoja wa Fort Ternan, na bado ni nzima. Akauliza nilinunua gani, nikamweleza, naye akanifundisha namna ya kupanga feni ili isipate joto bure. Alizungumza kwa ukunjufu, kama fundi na fundi.

“Na umeisukuma mpaka ngapi?” akauliza.

“Sijaigusa. Iko vile ilivyotoka kiwandani.”

Ilikuwa kweli, lakini sikuwa na mtu pembeni wa kumsomea skrini, kama baba siku ile.

“Sawa,” alisema. “Nisalimie mzee.”